Jinsi ya kununua trela la zamani la kulala na kulifufua: maji kwanza, rangi baadae

Wadau karibuni, leo tunaingia kwenye haya matrela ya zamani ya kulala, yale ya miaka ya 50 na 60 ambayo Wamarekani wanayafunga nyuma ya gari wikendi wanaenda nayo porini. Unalinunuaje, na ukishalinunua unalifufuaje. Mimi niko huku Ohio na naongea zaidi na nyinyi mlioko huku, Columbus, Dallas, Minneapolis, popote, maana ndo matrela yenyewe yalipo. Wa Dar na Nairobi kaeni mjifunze ufundi wa mbao na bati, ila msije mkasema nimewashauri mlipakie melini, hiyo bili ya bandarini sitaki kuisikia.

Shika neno moja kabla sijagusa bisibisi: hiki kitu kinauliwa na maji. Sio umri wala rangi kubabuka, ni maji yanayoingia juu kwenye tundu dogo la skrubu yanashuka ndani ya ukuta kimyakimya miaka na miaka, wewe unaona nje panapendeza kumbe ndani mbao zimeshakua unga. Karibu kila nitakachokuonyesha leo ni vita na maji.

Haya, kwanza ujue unanunua nini. Kuna familia mbili. Moja ni fremu ya mbao, vijiti vya msonobari vimeungwa, juu bati jembamba la alumini, ndani plaiwudi. Maarufu hapa ni Shasta, kampuni aliyoanzisha Robert Gray kule California mwaka 1941 kutengeneza makazi ya wanajeshi, baadae ndo wakaanza kuzibandika vile vimabawa viwili nyuma, ukiona vimabawa basi ujue ni Shasta. Familia ya pili ni Airstream ya Wally Byam, yale yanayong'aa, hayo mbavu zake ni alumini na ngozi imepigwa ribiti, na kiwanda chake kipo hukuhuku Ohio, Jackson Center. Na hawa jamaa Afrika wamefika bwana, 1959 Byam aliongoza msafara wa matrela kama arobaini hivi kutoka Cape Town mpaka Cairo, wakapita Addis Ababa kwa Haile Selassie, sasa wewe piga picha barabara za wakati ule na trela nyuma. Mimi leo nafanya la mbao, dogo, kwa sababu Airstream bei zimepaa na pia la mbao ukiwa na msumeno na subira unaweza mwenyewe. Ila kama umeangukia Airstream, nikupe kipimo kimoja tu: panda usimame kwenye bampa la nyuma ujirushe kidogo, mwenzio aangalie. Bampa likishuka peke yake na mwili ukabaki juu, sakafu ya nyuma imeoza na fremu imeachana na mwili, hiyo kazi ni kubwa sana, ama bei ishuke sana ama uondoke.

Sasa kulitafuta. Facebook Marketplace, Craigslist, na kuzungukazunguka vijijini, mengine yamelala nyuma ya ghala mwenye nayo hata hana habari nayo. Yanayotoka majimbo makavu kama Arizona na New Mexico mbao zake huwa na hali nzuri japo jua limekula mipira na mapazia yote, ya huku kwetu kwenye chumvi ya barabarani wakati wa theluji hakikisha unalala chini uangalie chasisi. Na naomba unisikilize hapa, lile lililopakwa rangi mpya juzi, mito mipya, taa za urembo, ndo uliogope kuliko lile chafu. Chafu linakuonyesha lilipovuja. Lililopakwa limefunikwa, na wengi wanapaka juu ya mbao iliyooza kisha wanauza kwa bei ya lililotengenezwa.

Ukifika, salimia, halafu usianze kusifia mbele ya muuzaji, funga mdomo. Ingia ndani kwanza ufunge mlango unuse. Harufu ya ukungu haifichiki, hata wakipuliza manukato. Alafu tembea sakafuni pembeni pembeni kabisa mwa ukuta, sio katikati, ukisikia panabonyea weka alama kichwani. Fungua kila kabati, kabati za juu pale kwenye kona ndo penyewe, mulika tochi utaona michirizi ya kahawia imeshuka kwenye plaiwudi. Bonyeza kwa kidole gumba kuzunguka madirisha, chini ya tundu la hewa la paa, nyuma ya zile taa ndogo za juu, na kona zote nne za chini. Mbao nzima inakataa, iliyooza inakubali, kidole kinazama kabisa. Kama muuzaji anaruhusu tumia ncha ya bisibisi sehemu isiyoonekana. Kipima unyevu kipo madukani bei sio mbaya, lakini kidole gumba hakihitaji betri.

Na tuelewane, utakuta limeoza. La miaka sitini la mbao ambalo halijaoza hata sehemu moja ni nadra, labda limelala bandani maisha yake yote. Kwahiyo swali ni limeoza kiasi gani, na je bei inajua hilo. Kona moja na kipande cha sakafu ni kazi ya kawaida. Kuta mbili na paa limebonyea katikati, hapo unanunua bati na chasisi tu, lipa kama unayenunua bati na chasisi. Vitu ambavyo mimi navihesabu kama dhahabu ni vile visivyopatikana tena, madirisha ya luva yakiwa kamili na vioo vyake, jiko la asili, vitasa, vimabawa, vibandiko vya jina. Mbao utanunua dukani kesho asubuhi, dirisha la 1962 lenye umbo lile utalitafuta mpaka uchoke.

Karatasi. Usitoe hela kabla hujaona karatasi ya umiliki na hujalinganisha namba. Haya ya kabla ya 1981 hayana ile VIN, namba ya utambulisho ya herufi na tarakimu 17, yana namba fupi ya kiwanda, mara nyingi imegongwa kwenye chuma cha mkono wa mbele, ule unaofungwa kwenye gari, chukua brashi ya waya sugua rangi utaiona. Sheria za trela lisilo na karatasi zinatofautiana jimbo kwa jimbo, piga simu ofisi ya usajili ya kwako kabla, na uandikishiane hati ya mauziano yenye hiyo namba, tarehe na bei.

Kulileta nyumbani sasa, hapa watu wanaharakisha. Tairi liangalie ubavuni kwenye maandishi yanayoanza na DOT, tarakimu nne za mwisho, ikiandikwa 2319 maana yake wiki ya 23 mwaka 2019, na kama ni tarakimu tatu hilo tairi ni la kabla ya 2000, usilisogeze hata mita. Kashata inaweza ikawa kama mpya lakini mpira ulishakufa. Beringi nazo zimekaa miaka bila grisi. Njia salama kwa trela lililolala sana ni kulipakia juu ya trela bapa, ukishindwa basi badilisha tairi palepale, fungua beringi zisafishe uweke grisi mpya, funga minyororo ya usalama ikipishana chini ya mkono, weka taa za sumaku nyuma. Na boli ya kuvutia, lile tufe la chuma nyuma ya gari ambalo kikombe cha trela kinakaa juu yake, ipime, zipo za inchi 1-7/8, 2 na 2-5/16, boli ndogo ndani ya kikombe kikubwa inaonekana imekaa vizuri mpaka upite kwenye shimo.

Limefika? Usivunje kitu. Najua mkono unakuwasha. Piga picha kila kona, kila kabati, kila waya unaenda wapi, pima kwa futi uandike kwenye daftari, ndo uanze kutoa. Kila kipande unachotoa hata kama kimeoza kiandike kwa kalamu nene, kushoto juu mbele, ukiweke pembeni, maana hicho kipande ndo ramani yako ya kukatia kipya. Skrubu za kila dirisha kwenye mfuko wake. Na vaa barakoa ya kichujio, humo kuna mavi ya panya na sufi ya glasi, na rangi ya kabla ya 1978 inaweza kuwa na risasi kwahiyo usiipige msasa mkavu ukavuta lile vumbi.

Sasa kuvua bati. Unaanza na zile reli za alumini zinazozunguka kona, chini yake utakuta puti ya zamani imekua ngumu kama biskuti, ndo ilikua inazuia maji, ikafa, ndo yakaingia. Toa skrubu, zilizokatika zikate na grainda, reli itoe pole pole kwa kisu cha puti isipinde. Halafu madirisha, taa, mlango. Bati lenyewe limeshikwa na misumari midogo na stepla, ichomoe na koleo mmoja mmoja, bati likikunjika limekunjika, halinyooki tena. Lakini kabla hujavua ukuta mzima, ndani weka mbao za kushikilia kuta zisicheze, na ushauri wangu fanya kona moja moja au ukuta mmoja mmoja. Ukivua lote kwa mpigo umbo linapotea, unarudisha bati halikai.

Hapa ndo penye utamu, angalia karibu. Hiki kijiti cha kona ya nyuma, juu ni kizima kabisa, rangi ya asali, unashuka kinakua kahawia, unashuka kinakua cheusi, na hapa chini, ona, nakitoa kwa vidole. Na msumari wake umebaki unaning'inia kwenye bati, umeshikilia hewa. Hakuna haja ya kubadilisha kijiti chote, nakata mpaka nikute mbao ngumu kisha naendelea kama inchi sita mbele, naunga kipya kwa gundi ya mbao isiyoogopa maji na skrubu, na kipande cha kusindikiza ubavuni. Vipande vya mduara vile vya mbele na nyuma huwezi kukunja mbao, hapo unaweka kile cha zamani juu ya plaiwudi ya inchi 3/4, unachora, unakata na msumeno mdogo wa umeme, unasawazisha na msasa. Kikiwa kimeoza sana mpaka umbo halipo, nenda upande wa pili chora ule kwenye karatasi ngumu, uigeuze.

Chasisi ikiwa wazi hivi ndo wakati wake, kwangua kutu, piga dawa ya kutu, paka rangi. Sakafu plaiwudi ya nje, chini yake paka kinga kabla hujaifunga sio baadae umelala chali.

Waya: vua wote. Zile za zamani za umeme wa volti 120 nyingi hazina ethi, na mbao kavu na waya uliochoka sio marafiki. Weka wa nyuzi tatu, na kwenye boksi la fyuzi la trela, nyutro na ethi hazikutani, zinatenganishwa, hii hata mafundi wa majumbani wanaikosea sababu nyumbani zinaunganishwa. Kama hujui umeme mlipe anayejua. Gesi hivyohivyo, regyuleta mpya, mpira mpya, mabomba ya shaba yakaguliwe, ukishafunga paka povu la sabuni kila kiungo, likitoa mapovu funga gesi ukarekebishe. King'ora cha gesi kinakaa chini karibu na sakafu maana propeni ni nzito kuliko hewa, na cha moshi na kaboni monoksaidi usilale bila navyo.

Ndani, plaiwudi ya birchi ya inchi 1/8, halafu shelaki ya rangi ya asali, pitisha msasa wa 220 kati ya mpako na mpako, mipako mitatu au minne inatoa ule mwanga wa zamani haswa. Inakauka haraka, ila ina spiriti, fungua milango na usiwashe kitu.

Kurudisha bati unaanza chini kwenda juu ili la juu lilalie la chini, maji yateleze nje. Chini ya kila reli, kila dirisha, kila taa unaweka tepu ya biutili, ile laini ya mpira inayonata, kaza skrubu taratibu mpaka tepu ianze kutokeza pembeni, acha usiku mmoja, kaza tena, kisha kata iliyozidi. Silikoni nakuomba usiiweke. Inashika leo, kesho inaachia kwenye alumini, na ikishapita hapo hakuna kingine kitakachokubali kushika juu yake, anayekuja kutengeneza baadae anakulaani. Ukimaliza, kabla ya kupaka rangi, mtu mmoja ndani na tochi, mwingine nje na hosi, mwaga maji kuanzia chini unapanda juu pole pole, dirisha kwa dirisha, ili likivuja ujue ni wapi. Jicho lako liwe kwenye kona za juu. Likipita mtihani huo ndo twende kwenye rangi, hiyo kila mtu na ladha yake, mimi nyeupe na kijani.

Breki za umeme hakikisha zinafanya kazi pamoja na ile swichi ya dharura inayozibana trela likichomoka. Ukipakia, uzito unaokaa kwenye boli uwe asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wa trela lote, mzigo wote ukiurundika nyuma litacheza mkia barabarani. Na safari ya kwanza beba spana ya tairi, ukifika maili 10 simama kaza nati, 25 tena, 50 tena. Haya, wenye maswali ya ekseli wekeni chini hapo pamoja na mwaka wa trela lako na picha ya hiyo ekseli, bila picha sijibu.