Dawa Inapopita Njia ya Limfu

HAMISI: Karibuni katika kipindi chetu kutoka hapa Tanga. Mimi ni Hamisi, na mwenzangu ni Bi Rehema, ambaye ni mfamasia. Leo tunazungumzia chembe ndogo mno zinazotengenezwa maabara ili zibebe dawa hadi ndani ya mishipa ya limfu. Bi Rehema, mtu akimeza kidonge au akichomwa sindano, dawa si husambaa mwili mzima? Kuna haja gani ya limfu kutafutiwa usafiri wake?

REHEMA: Husambaa, Bwana Hamisi, lakini kwa damu, na damu haifikishi dawa kila mahali kwa kiwango kimoja. Limfu ni majimaji yanayovuja kutoka katika mishipa midogo ya damu, yakapita kati ya seli, yakakusanywa na mishipa yake yenyewe, yakachujwa katika tezi za kinena, kwapa, shingo na tumbo, kisha yakarudi kwenye damu karibu na mtulinga. Safari hiyo ni ya upande mmoja. Ndiyo maana virusi vya Ukimwi vilivyojificha ndani ya tezi, au saratani iliyokwisha kufika humo, huwa vigumu kufikiwa na dawa inayozunguka ndani ya damu.

HAMISI: Na sisi watu wa pwani tunao mfano wa karibu zaidi, yaani matende na mabusha, maradhi ambayo Kituo cha Amani kule Muheza kimeyatafiti kwa miaka mingi.

REHEMA: Naam. Mnyoo aitwaye Wuchereria bancrofti, ambaye jike lake hufikia sentimita 8 hadi 10, huishi kwa miaka ndani ya mishipa hiyohiyo tunayoizungumzia. Ivermektini na albendazoli tunazogawiwa kwenye kampeni za kingatiba huondoa vijinyoo vinavyozunguka kwenye damu, ili mbu akiuma asipate cha kumpelekea jirani, lakini mnyoo mzazi mara nyingi hubaki hai. Ukiniuliza, hiyo ndiyo sababu kubwa ya sisi kuufuatilia utafiti huu.

HAMISI: Basi tuitazame hiyo chembe yenyewe. Ina ukubwa gani?

REHEMA: Kazi yote iko hapo. Chembe inayochomwa chini ya ngozi hutakiwa iwe na upana wa takriban nanomita 10 hadi 100, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Ikiwa ndogo kuliko 10, huchukuliwa na mishipa midogo ya damu na kutokomea huko. Ikizidi sana 100, hunasa katika nyuzi zilizosukana kati ya seli na kubaki palepale ilipochomwa. Ile iliyo katikati hufika kwenye mshipa wa limfu, ambao kingo za seli zake hupishana kama makuti ya paa. Majimaji yanapojaa nje ya mshipa, nyuzi nyembamba zilizozishikilia seli hizo huzivuta, upenyo ukafunguka, na chembe ikaingia pamoja na majimaji.

HAMISI: Kwa hiyo kipimo kikipatikana, kazi imekwisha?

REHEMA: Haijaisha hata kidogo, kwa sababu eneo lililo kati ya seli limejaa ute wenye chaji hasi, na chembe yenye chaji chanya hugandia humo. Watengenezaji huipaka chembe kemikali iitwayo polietilini glaikoli ili iteleze. Sasa tatizo linageuka: seli za kinga zilizomo ndani ya tezi nazo hushindwa kuikamata vizuri, hivyo huenda ikapita bila kuacha dawa mahali ilipokusudiwa. Mimi huona kwamba wanaosifia chembe hizi kwenye habari hulipita jambo hili haraka mno.

HAMISI: Je, chanjo za UVIKO-19 za mRNA hazikutumia njia hii? Nakumbuka watu waliolalamika kuvimba kwapa.

REHEMA: Zilitumia chembe za mafuta, na tezi za kwapa huvimba kwa sababu seli za kinga huamshwa humo. Ila chanjo inahitaji kuamsha kinga tu, ilhali dawa ya kuua mnyoo au saratani inapaswa kufika kwa wingi wa kutosha.

HAMISI: Na wanaoogopa sindano?

REHEMA: Upo mlango wa utumbo. Mwaka 1622, daktari Gaspare Aselli alimpasua mbwa aliyekuwa ametoka kula, akaona nyuzi nyeupe zimeutanda utumbo wake. Ilikuwa ni mishipa ya limfu iliyojaa mafuta ya chakula. Dawa inayopenda mafuta inaweza kubebwa pamoja nayo, na kwa njia hiyo ikakwepa ini, ambalo huharibu dawa nyingi kabla hazijafanya kazi. Katika jaribio la dawa ya malaria iitwayo halofantrini, mbwa waliolishwa chakula cha mafuta walipitisha zaidi ya nusu ya dozi kwenye limfu, ilhali waliofunga walipitisha kiasi kidogo sana.

HAMISI: Ndiyo maana ukinunua dawa ya mseto dukani huambiwa uimeze kwa maziwa?

REHEMA: Inakaribiana, ingawa dawa ya mseto haina chembe hizi. Lumefantrini iliyomo haiyeyuki vizuri kwenye maji, na kwa watu wenye afya chakula chenye mafuta mengi kiliongeza ufyonzwaji wake mara 16. Mama anayempa mtoto kidonge kwa maji matupu, kwa kuwa mtoto amekataa kula, anapoteza sehemu kubwa ya dawa.

HAMISI: Turudi kwa mgonjwa wa matende. Chembe hizi zitamsaidia lini?

REHEMA: Ivermektini iliyofungwa ndani ya chembe imejaribiwa kwa wanyama wa maabara. Kwa mtu ambaye mguu umekwisha kuvimba, mimi nina shaka, kwa kuwa mishipa yake imetanuka, vali, yaani vilango vilivyomo ndani ya mishipa hiyo, hazifungi, na limfu inarudi nyuma; chembe inayotegemea mkondo huo itafikaje? Mgonjwa huyo aendelee kuosha mguu kwa sabuni kila siku, aukaushe vizuri hadi katikati ya vidole, na kuuinua anapopumzika. Matumaini yangu yako kwa aliyeambukizwa ambaye bado hajavimba. Doksisaiklini huua bakteria ambao mnyoo mzazi huwategemea, lakini humezwa kwa wiki 4 hadi 6, na wajawazito na watoto wadogo hawapewi. Dawa ikiweza kupelekwa karibu na mnyoo, huenda wiki hizo zikapungua, na hilo ndilo jaribio ambalo ningependa lifanyike kwa watu.