Mstari unaopita kaskazini ya Ras Kigomasha

Assalaam alaykum. Nimeombwa nizungumzie mipaka ya bahari kwa jumla, lakini nikiwa hapa Chake siwezi kuanzia kwengine. Pemba ndiyo iliyowaumiza vichwa waliochora mpaka wa Tanzania na Kenya.

Msingi wake ni huu: bahari hufuata nchi kavu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, wa 1982, unapima kutoka ufuoni maji yanapokupwa. Maili 12 za mwanzo ni bahari ya nchi yenyewe. Kutoka hapo hadi maili 200 ni eneo la kiuchumi: samaki na vilivyomo chini ni vyako, ila meli ya mwenzako ina haki ya kupita. Hizi ni maili za baharini, mita 1852 kila moja. Kwa hesabu hiyo kisiwa kinaweza kumpa mwenyewe bahari kubwa mara nyingi kuliko ardhi yake. Mwamba usioweza kukaliwa na watu haupati hizo 200, unaishia kwenye 12. Lakini hata 12 ni bahari, ndiyo maana watu hubishana hata juu ya kipande kama Fungu Mbaraka, kule kusini-mashariki ya Unguja, ambako wakaazi ni ndege tu. Sultani alilitia katika milki ya Zanzibar mwaka 1898, na baadaye ukazuka ubishi kama ni la huku au la Bara. Hilo nawaachieni, litatulaza hapa.

Turudi Pemba. Mpaka wa nchi kavu unafika baharini Ras Jimbo, karibu na Vanga. Nchi mbili zikitazamana au zikipakana, kawaida huchorwa mstari wa kati: kila nukta yake iwe sawa kwa umbali kutoka pande zote mbili. Sasa Pemba imesimama mbele ya bara, kilomita kama 50, na ncha yake ya kaskazini inakaribia usawa wa Jimbo. Mstari wa kati ukiachiwa uende unavyotaka, ukishaipita Pemba unapinda kuelekea kaskazini-mashariki, unakwenda kuiziba Kenya kwa mbele, kama mlango ulioachwa wazi ukaziba ujia wa jirani.

Serikali mbili zikaandikiana barua, ya kwanza Disemba 1975, ya kujibu Julai 1976. Ndani ya Mkondo wa Pemba, yaani bahari iliyo baina ya Pemba na bara, mstari wa kati ulikubaliwa, baina ya Pemba na Kisite, kisiwa kidogo cha Kenya. Halafu wakatafuta nukta moja: maili 12 kutoka mnara wa taa wa Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini ya Pemba, na maili 12 kutoka mnara wa Mpunguti ya Juu, kisiwa kidogo upande wa Kenya. Duara mbili zinakutana kwenye latitudo 4°40′52″ kusini. Kutoka hapo, mstari umenyooka kuelekea mashariki, haupindi tena. Mkataba wa 2009 ukaurefusha hadi eneo la kiuchumi. Kwa maneno mengine, Tanzania ilikubali Pemba isihesabiwe kwa nguvu yake yote. Mimi naona ulikuwa ujirani mwema, na wapo watakaoniambia ulikuwa ukarimu uliopita kiasi. Na kusini, na Msumbiji, mwaka 1988, mpaka wa eneo la kiuchumi nao ulifuata latitudo.

Kuna kichekesho kidogo. Somalia ilipoishtaki Kenya mwaka 2014 mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, Kenya ilisema mpaka wao nao ufuate latitudo, kama ulivyo na Tanzania. Hukumu ya Oktoba 2021 ilikataa. Majaji walianza na mstari wa kati, kisha wakausogeza kidogo upande wa kaskazini kwa faida ya Kenya, kwa kuwa pwani yake imebanwa katikati. Na katika kuipima hiyo pwani iliyobanwa, waliitia Pemba hesabuni. Kisiwa kilichopunguziwa nguvu mwaka 1976 kikamfaa jirani kule Uholanzi! Kenya haikuridhika na hukumu, lakini hiyo ni habari nyengine.

Ndani ya barua zile kuna kifungu ninachokipenda kuliko chote. Wavuvi wenyeji wa nchi zote mbili wanaovua kwa ajili ya kujikimu waliruhusiwa kuvua maili 12 kila upande wa mpaka wa bahari ya nchi, kwa kufuata kanuni zilizopo. Wapemba tangu zamani huenda dago, yaani kupiga kambi ya uvuvi, pwani ya Kenya, wengine wakaoa na kubaki; mwaka 2023 Kenya iliwatambua Wapemba kuwa moja ya makabila yake. Lakini kujikimu ni nini? Mwenye ngalawa na mishipi hana shaka. Mwenye mashua ya mashine, sanduku la barafu na tajiri anayemngoja bandarini, huyo yumo au hayumo? Kifungu hakisemi, na anayeamua ni askari wa doria atakayekukuta huko nje. Ningekuwa na uwezo, ningeomba kifungu kiandikwe upya kitaje ukubwa wa chombo na zana, wala si nia ya mvuvi.

Kabla ya maswali, kwa vijana wanaokwenda mashariki ya Kigomasha na simu mfukoni: hesabu ya kusini hupungua ukielekea kaskazini. Simu ikisoma 4°41′ bado uko kwetu. Ikisoma 4°40′, tazama sekunde. Ikisoma 4°39′, ushaingia Kenya. Ndani ya Mkondo usitumie hesabu hiyo, huko mstari umekwenda mshazari. Haya, mzee pale nyuma, nimeuona mkono wako.