Jike Akipotea Siku Mbili: Samaki Wakaa Kombeni wa Ziwa Tanganyika

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu na vijana, habari za mchana.

Kombe hili nimekuja nalo makusudi. Pokezaneni, lakini lishikeni taratibu. Ni ganda la Neothauma tanganyicense, konokono ambaye siku hizi haishi kwingine ila Ziwa Tanganyika. Tazameni mdomo wake, kidole gumba kinaingia kwa shida. Humo ndani samaki mzima hulala, hutaga na kulea watoto.

Mliotoka Kigoma mnamjua kuhe. Huyo ni miongoni mwa wakubwa kabisa katika jamii ya sikilidi, jamii ya sato na perege. Ninayemzungumzia leo ni ndugu yake katika ziwa hilohilo, mmoja wa wadogo kabisa: Neolamprologus multifasciatus, mwenye mistari myembamba ubavuni. Mtaalamu wa samaki Boulenger ndiye aliyemwelezea kisayansi mwaka 1906. Dume hafiki sentimita tano, na jike ni kama tatu.

Maji ya Tanganyika yana madini mengi, pH yake, kipimo cha uchachu wa maji, hukaribia 9, kwa hiyo konokono akifa ganda lake haliyeyuki upesi. Yamelundikana vizazi na vizazi, mpaka zipo sehemu za chini ya ziwa zilizotandikwa makombe kama jamvi. Samaki mdogo asiye na jiwe la kujificha akaingia humo, akabaki.

Ndiyo maana tangi lake si kazi kubwa kulipanga. Lita sitini zinatosha ukoo mzima. Weka mchanga laini wa kina cha vidole vitatu, na makombe mengi, angalau mawili kwa kila samaki. Ukikosa haya ya ziwani, okota maganda matupu ya konokono wa shambani, madogo, uyachemshe vizuri. Joto liwe kati ya nyuzi 24 na 27, na ndani ya chujio utie vipande vya mawe ya chokaa ili maji yasipoteze ugumu wake, yaani madini yake.

Sasa tuje kwenye kuzaliana, na hapa naomba mnisikilize sana. Wengi humtazama dume, kwa sababu ndiye anayejionyesha: anatanua mapezi, anatetemeka mwili mbele ya jike, anafukuza wenzake. Mimi nasema mtazame jike. Dume hutetemeka hata wiki ambayo hakuna yai lolote. Jike akiwa tayari, kwanza atachagua kombe moja na kuacha mengine yote. Ataingia na kutoka, ataingia na kutoka. Kisha ataanza kuchimba, akibeba mchanga kwa mdomo na kuutema pembeni, mpaka kombe limekaa ndani ya shimo anavyotaka yeye. Aliyekuwa mpole jana, leo anamfukuza hata samaki aliyemzidi ukubwa.

Halafu anapotea.

Wageni wa samaki hawa huogopa hapo. Chakula kinatiwa, wote wanakuja, yeye hayupo. Siku ya kwanza, siku ya pili. Mtu anadhani amekufa, anatia mkono, analitikisa kombe. Jamani, msifanye hivyo! Yumo ndani na mayai. Ameyabandika kwenye ukuta wa kombe, dume amemwaga mbegu zake mdomoni pa kombe, na sasa mama anayapepea kwa mapezi ili maji mapya yapite. Ukitulia ukatazama kwa subira, utamwona amesimama mlangoni, kichwa nje au mkia nje, anapepea bila kupumzika. Ukiiona alama hiyo, huna haja ya kutafuta nyingine.

Mayai huanguliwa baada ya siku mbili tatu, lakini vifaranga hutawaona bado. Hubaki ndani wakila kiini walichozaliwa nacho. Baada ya wiki hivi, asubuhi moja, utaona vitu vidogo kama punje za mchanga vinaruka mlangoni pa kombe. Mara nyingi hawafiki ishirini.

Mara yangu ya kwanza niliwahamisha. Nililitoa kombe, nikawamwaga vifaranga kwenye beseni safi nikidhani nawaokoa. Siku ya nne hakubaki hata mmoja, na yule mama alizunguka penye shimo lake siku kadhaa. Iliniuma, na bado inaniuma. Kwa samaki huyu, waache vifaranga pale pale. Kaka na dada zao wa uzao uliopita wanaishi mtaa huohuo, wakubwa wanalinda mipaka, na wadogo wanajifunza lango la kukimbilia.

Kazi yako ni chakula na maji. Angua Artemia, vijidudu vya maji ya chumvi jamii ya kamba: lita moja ya maji, gramu 25 hadi 30 za chumvi, pampu ya hewa ikitokota mfululizo. Kwa joto letu la pwani, kesho yake au keshokutwa asubuhi wako tayari. Wachuje, uwasuuze kwa maji yasiyo na chumvi, uwape kidogo kidogo kwa bomba la sindano karibu na mlango wa kombe, mara mbili tatu kwa siku. Kiini cha yai siwashauri, kinachafua maji upesi mno. Chujio liwe la sponji, maana mashine yenye nguvu itawavuta. Badilisha maji kidogo kila wiki, yasiyo na klorini, yenye joto lilelile.

Mwenye Lamprologus ocellatus, samaki mwingine wa makombe, yule mwenye doa kama jicho shavuni, asinifuate kwa yote. Huyo hufukia kombe mchangani mpaka ubaki mdomo tu, na mama huanza kuwafukuza watoto wakishakua kidogo. Hapo ndipo unapowahamisha.

Sasa sogeeni kwenye tangi hili, watatu watatu, bila kugonga kioo. Kombe la kona ya kushoto, jike wake hajaja kula tangu juzi. Mkitulia dakika moja mtaona pezi lake likipepea mlangoni.