Mjumbe hauawi: kihisi cha joto la moshi na tabia yetu ya kubadilisha vipuri

Ndugu mafundi, waendesha mitambo na wanafunzi wetu, nashukuru kwa kunialika tena, ingawa mnajua nitakalosema, kwa kuwa nimelisema kila mara niliposimama hapa. Nitatumia neno kihisi, maana nikisema sensa yupo mzee atakayeniuliza kama sikuhesabiwa Mei 2024. Jambo lenyewe ni hili: kompyuta ya injini inapoandika kwamba njia ya umeme ya kihisi cha joto la moshi ina hitilafu, sisi hukimbilia kukifungua na kukitupa, kana kwamba wazee hawakutuambia kuwa mjumbe hauawi.

Sitaeleza kwa kirefu chujio la masizi, lile linalonasa masizi ya moshi wa dizeli. Mnalijua, na mmekwisha kulilaani vya kutosha.

Mwaka juzi niliitwa kwenye machimbo ya mawe upande wa Mukono, Uganda, ambako ekskaveta ya tani 20 ilikuwa imelala siku kumi na moja. Kompyuta ilikuwa imeipunguzia injini nguvu, na kwenye skrini ulikaa msimbo 3242 wenye FMI 3 (FMI ni namba ya aina ya hitilafu), yaani joto la moshi unaoingia kwenye chujio la masizi, volti juu ya kawaida. Kijana aliyenitangulia, mwenye bidii na ambaye mpaka leo simlaumu, alikuwa amekwisha kubadilisha kihisi mara tatu, kwa fedha ambazo zingenunua ng'ombe wawili wa Ankole na pembe zao zote. Alinipokea kwa kusema, "Ssebo, vihisi vya siku hizi vyote ni bandia." Nikamwuliza alipata omu ngapi, yaani ukinzani kiasi gani wa umeme, alipokipima kile cha kwanza. Akatazama buti zake.

Jioni ile sikufungua kitu. Niliagiza mtambo uachwe upoe usiku kucha, na wapo walioona nimekuja kulala kwa gharama ya mwenye machimbo. Alfajiri, kabla injini haijawashwa, niliwasha swichi tu nikasoma joto la kila kihisi: cha maji ya kupozea, cha hewa inayoingia na vyote vya moshi. Injini iliyolala usiku kucha haina moto popote, kwa hiyo vihisi vyote vinapaswa kukubaliana na hewa ya nje. Tofauti ya nyuzi mbili tatu hainisumbui. Kimoja kikisema 80 wakati wenzake wanasema 20, huo ni ushahidi. Kipimo hiki hakigharimu hata shilingi, na ndicho tunachokiruka kwa sababu kinataka subira.

Asubuhi ile vyote vilisoma kati ya 20 na 22, pamoja na mshtakiwa wetu. Nikachomoa plagi yake, nikaweka mita, nikapata omu 215. Kihisi cha platini cha aina ile huwa na omu 200 kwenye nyuzi 0, takriban 275 kwenye nyuzi 100, na karibu 617 kwenye nyuzi 600. Kwa hiyo kilikuwa kizima kabisa. Kisha, upande wa waya unaotoka kwenye kompyuta, nikaunganisha matundu mawili ya plagi kwa kipande cha waya. Plagi ikiwa wazi, kompyuta huona volti yake yote 5 na kuandika FMI 3. Matundu yakiunganishwa, volti huanguka na FMI 4, volti chini ya kawaida, hujitokeza. Msimbo ukigeuka hivyo, waya na kompyuta ni vizima kwa wakati huo, na hapo ndipo una haki ya kukishuku kihisi. Ulipogeuka, kijana akafurahi: "Basi waya ni mzima!" Nikamwomba aushike mkanda wa waya pale unapopita nyuma ya pampu ya haidroli, autikise taratibu bila kuondoa macho kwenye skrini. Ile 4 ikarudi kuwa 3. Akaacha, ikawa 4. Akatikisa tena, 3.

Kibanio cha asili kilikuwa kimepotea, na mtu alikuwa amefunga mkanda ule kwa waya wa kufungia nondo. Gamba la waya lilionekana zima kwa nje, lakini nilipolipasua kwa kisu, shaba ndani ilikuwa ya kijani na imekatika, ncha mbili zikigusana mtambo ukitulia na kuachana ukitetemeka. Tuliunga kipande cha waya kirefu kama kiganja, tukaweka kibanio kipya, na kabla ya saa nne asubuhi ekskaveta ilikuwa inapakia mawe.

Najua mmoja wenu atasema kwamba si kila kihisi ni cha platini. Kweli. Kipo ambacho omu zake hupungua joto linapopanda, na hicho waya wake ukikatika kompyuta hudhani kuna baridi kali. Ipo themokapo, kihisi cha waya mbili za metali tofauti, ambayo mita ya omu haikuambii joto lake, kwa sababu yenyewe hutoa milivolti, takriban 4 kwa kila tofauti ya nyuzi 100 ikiwa ni ya aina K. Vipo pia vya waya tatu vinavyolishwa umeme. Hivyo usiviunganishe matundu ovyo, kwani ukiangusha volti ya kulishia unaweza kuzima na vihisi vingine. Ndiyo maana mtengenezaji aliandika kitabu, na kitabu hicho hakikuandikwa ili kuegemeza dirisha la kabini.

Mwingine atasema msimbo wake ni FMI 0 au 16. Bwana, hapo kompyuta hailalamikii umeme! Inakuambia kwamba moshi una joto kupita kiasi, na kabla hujabishana nayo, tazama chujio la hewa lililoshiba vumbi la murramu, mpira wa tabo (kisukuma hewa cha injini) uliopasuka na nozeli inayovuja. Na kama mko Kabale, kwenye karibu mita 2,000, kumbukeni kwamba hewa ni nyepesi, nayo huweza kupandisha joto la moshi. Na yule mganga anayefunga resista mahali pa kihisi ili skrini inyamaze simwelewi kabisa. Masizi huhitaji karibu nyuzi 600 ili yaungue. Kompyuta uliyoipofusha haijui kama chujio limefika hapo au limepita na linaanza kuyeyuka.

Naonyeshwa saa. Nilitaka kueleza kwa kirefu kuhusu maji ya mashine ya kuoshea yanayoingia kwenye plagi, grisi ya nyuzi za parafujo isiyopaswa kugusa ncha ya kihisi, na wachomeaji wanaochomea ndoo bila kukata betri, nimeyataja tu.

Vile vihisi vitatu vilivyotolewa Mukono viko hapa mezani, na vyote ni vizima. Wenye mita, sogeeni mvipime.