Muulize Mzee Habari za Ng'ombe Wake

Wazee wetu mlioketi mbele, shikamooni. Ndugu zangu wengine wote, habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuhifadhi simulizi za wazee wafugaji. Nitazungumza kutoka Hanang, mkoani Manyara, kwa kuwa huko ndiko ninakokujua, na mifano nitaitoa kwa Wabarabaig, watu wa jamii ya Wadatoga, ambao wengi humu ukumbini mmezoea kuwaita Wamang'ati. Jina hilo lina asili ya Kimaasai, na maana yake ni maadui. Yaani miaka yote hii tumewaita kwa jina walilopewa na watu waliokuwa wakipigana nao. Limeingia kwenye maandishi, limeingia sokoni, na watoto wao wenyewe wanajitaja kwalo wakiulizwa kabila.

Mara ya kwanza nilipokwenda kumrekodi mzee, nilikosea tangu swali la kwanza. Nilikuwa na simu, daftari, na maswali ishirini niliyoyaandika kwa Kiswahili cha darasani. Tulikaa kwenye vigoda nje ya boma. Nikamwambia, "Babu, naomba unisimulie historia ya watu wetu." Alinyamaza kitambo, akichora chini kwa ncha ya fimbo. Kisha akasema, "Historia iko shuleni. Sisi hatukusoma." Maswali kumi na tisa yaliyobaki aliyajibu kwa neno mojamoja, kama mtu anayejibu karani.

Jioni ng'ombe wakarudi. Nilikwisha kuzima simu. Akapita jike mmoja mwekundu mwenye paji jeupe, sikio la kushoto limekatwa pembeni mara mbili. Mzee akamnyooshea fimbo na kuanza kusema kwa Kidatoga, sauti imebadilika kabisa. Mama wa jike yule alizaliwa mwaka ambao maji ya bwawa yalikauka mpaka tope likapasuka. Bibi yake alitoka kwa mjomba, siku mzee alipooa. Mjomba naye alikuwa amehamia kule baada ya trekta kufika kwenye malisho yao. Na yule ng'ombe aliyemzaa bibi huyo alinusurika alipokuwa ndama, kwa sababu shangazi alimlaza ndani ya nyumba mwezi mzima. Nikahesabu mama kwa binti, mama kwa binti, hadi nilipopita ng'ombe wa kumi nikapotea. Mzee hakupotea. Alifika kabla ya uhuru akiwa bado anazungumzia ng'ombe, na ndani ya ng'ombe hao mlikuwa na kila nilichokuja kukitafuta: ukame, ndoa, ugomvi, kuhama, magonjwa, majina ya mahali ambapo leo hapana mtu.

Simu ilikuwa imezimwa. Nilikuja kuyaandika usiku kwa kurunzi, na najua nusu yake ilinitoka.

Tangu siku ile sijamuuliza mzee yeyote wa Kibarabaig "historia". Namuuliza ng'ombe huyu katoka wapi. Namuuliza alama hii ya sikio ni ya ukoo gani. Namuuliza mwezi huu, zamani, mifugo ingekuwa wapi. Kumbukumbu ya mfugaji imefungwa kwenye mnyama, kwenye njia na kwenye maji. Ukimkalisha kwenye kiti cha plastiki ofisini, mbele ya meza yenye bendera ndogo, umemtenga na maktaba yake, halafu unarudi mjini kusema wazee wamesahau.

Na kazi hii ina haraka. Miaka ya mwisho ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1970, serikali ya Tanzania kwa msaada wa Kanada ilianzisha kilimo kikubwa cha ngano kwenye nyanda za Hanang. Mashamba yalikuwa chini ya Shirika la Kilimo na Chakula, NAFCO, na yalikuja kufikia ekari zipatazo 100,000. Fikirieni kijana aliyekuwa na miaka 25 trekta za kwanza zilipofika. Leo yuko kwenye 80. Macho yamepata ukungu, lakini bado anaweza kukuonyesha kwa kidole: pale ulikuwa mti, pale palikuwa na kidimbwi cha chumvichumvi, pale alizikwa fulani. Baada yake atakuja mtu aliyesikia kwa baba, ambaye hakuona.

Malisho yale yaliyochukuliwa kwa ajili ya ngano, Wabarabaig wanayaita muhajega. Ndiyo ardhi yenye majani bora kupita yote. Mifugo ilipelekwa huko wakati wa mvua, maji yakiwa yametuama madimbwini, kisha ikahamishwa kwenda kwenye malisho ya aina nyingine ili muhajega ipumzike. Kila aina ya malisho ina jina lake na majira yake, na mzee anaweza kukutajia kama mama anavyotaja viungo vya pilau. Mtaalamu aliyepita wakati wa kiangazi aliona nini? Mbuga tupu. Hapana ng'ombe, hapana nyumba, hapana shamba. Akaandika kuwa ardhi haitumiki. Kumbe aliikuta ikiwa imelala, na wenyewe walijua siku ya kuiamsha. Maarifa hayo hayakuwa kwenye ramani yoyote. Yalikuwa vichwani mwa wazee ambao hakuna aliyewauliza.

Halafu kuna makaburi. Mzee wa heshima kubwa akifariki, Wabarabaig humfanyia bung'eda. Hii si shughuli ya siku mbili tatu. Inachukua miezi kama tisa. Kaburi linajengwa juu kidogokidogo kwa udongo, mpaka linakuwa kichuguu kirefu kuliko mtu, na siku ya kulikamilisha watu hufika kwa mamia, pombe ya asali inanywewa, koo zinakutana, na mambo ya jamii nzima yanasemwa pale. Kaburi hilo ni hati. Anayeweza kusema "huyu ni baba wa babu yangu, na hapa ndipo tulipokuwa tunalaza ng'ombe" amesema jambo zito kuhusu ardhi. Baadhi ya makaburi hayo yalilimwa. Udongo wa kaburi ulisawazishwa na ngano ikapandwa juu yake. Nawaomba mtulie hapo kidogo, kila mtu afikirie kaburi la kwao.

Kijiji cha Mulbadaw kiliishtaki NAFCO mahakamani mwaka 1981 juu ya ardhi hiyo. Mahakama Kuu ilikipa ushindi mwaka 1984. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaugeuza uamuzi ule, na moja ya sababu ilikuwa kwamba ushahidi uliotolewa haukutosha kuonyesha kuwa wanakijiji wote walikuwa wenyeji walioishikilia ardhi ile kwa sheria za mila. Mimi si mwanasheria, na sisemi kwamba kanda za sauti zingebadilisha hukumu. Lakini nikiisoma kesi ile nawaza juu ya wazee waliobaki nyumbani siku zile, wenye uwezo wa kutaja kizazi kwa kizazi nani alizikwa kwenye kichuguu gani, na ng'ombe wa nani walikunywa kidimbwi gani. Habari zao hazikuingia kwenye jalada.

Wako wanaosema simulizi za mdomo haziaminiki, mzee anachanganya miaka. Ni kweli anachanganya, na ndiyo maana kazi yetu ni kuzipima, kama mwanahistoria anavyopima barua ya gavana. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu pale Dar es Salaam walitumwa vijijini kwao kuwauliza wazee habari za vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Ilikuwa imepita miaka sitini na zaidi. Waliyoyaleta ndiyo yaliyowawezesha wasomi kuiona vita ile kwa macho ya waliopigana, pembeni ya taarifa za maofisa wa Kijerumani. Na wafugaji wana kalenda zao. Mzee akikuambia babu yake alizaliwa baada ya ng'ombe kumalizika, unajua anazungumzia sotoka, ugonjwa wa ng'ombe uliopita Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890. Akisema "tulipopelekwa vijijini", unajua ni Operesheni Vijiji, serikali ilipowahamishia watu kwenye vijiji vya pamoja, kati ya 1973 na 1976. Unapachika vigingi hivyo viwili vitatu, halafu mengine yanajipanga katikati yake.

Sasa niseme kosa langu kubwa zaidi ya lile la simu. Miaka miwili ya kwanza nilirekodi wanaume watupu. Nilifika bomani, nikapokewa na wanaume, nikakaa na wanaume, nikaondoka nikijua nimemaliza. Siku moja binti mmoja aliyekuwa akinisaidia kuandika alibaki nyuma na bibi wa boma lile, wakikamua. Aliporudi alikuwa na saa nzima ya sauti juu ya kitu ambacho hakuna mwanaume aliyenitajia: baraza la wanawake. Wanawake wa Kibarabaig wana baraza lao, wanakaa chini ya mti wao, na mwanaume aliyemkosea mwanamke kwa namna inayowagusa wanawake wote huhukumiwa pale na kutozwa ng'ombe. Bibi alikumbuka kesi moja baada ya nyingine, nani alitozwa, ng'ombe wa rangi gani, na nani alijaribu kukaidi. Nisingeipata habari ile hata ningerekodi wazee mia. Kwa hiyo mkienda, nendeni na mabinti, tena mabinti wanaojua kukamua, maana hayo hayasemwi kwa mtu aliyesimama pembeni ameshika daftari.

Kwa upande wa vifaa sitawachosha. Simu mliyonayo inatosha. Adui ni upepo, na upepo wa kule Basotu, Hanang, mnaujua: valisheni sehemu ya kinasa sauti kipande cha soksi nene, mtashangaa. Wekeni simu karibu na mzee, juu ya kitambaa, isiwe mkononi mwenu. Semeni mwanzoni tarehe, mahali na nani yupo. Msitume sauti kwa WhatsApp mkadhani mmehifadhi, maana mafaili yanabanwa au yanafutika na simu. Nakala zisipungue tatu, mahali patatu tofauti. Mimi nilipoteza mazungumzo ya siku mbili na mzee mmoja kwa sababu yote yalikuwa kwenye kadi moja ndogo, nayo kadi ikagoma kusomeka. Niliporudi kumwomba tuanze upya, nilimkuta hawezi tena kuzungumza.

Rekodini kwa lugha ya mzee. Tafsiri itakuja baadaye, hata baada ya miaka. Kiswahili chetu ni kipana, lakini mzee akitafuta neno la Kiswahili la rangi ya ng'ombe ambayo Kidatoga kina jina lake, atasema "madoadoa" ili kukusaidia, na hapo umepoteza ng'ombe, umepoteza na neno. Na akinyamaza, nyamazeni. Vijana wetu wanaogopa kimya, wanakijaza na swali. Mara nyingi baada ya kimya ndipo linapokuja lile alilokuwa akilipima kama aliseme au asiliseme.

Na kama ataamua asiseme, basi. Yapo ya ukoo, yapo ya tambiko, yapo majina ya mahali ambapo hawapendi wageni wapajue. Wazee wa Kidatoga mpaka leo huenda kuomba kwenye makaburi ya wakubwa wao ndani ya kreta ya Ngorongoro, mahali babu zao walipoishi kabla ya Wamaasai kuwatoa. Niliwahi kuambiwa habari za safari hiyo na mzee mmoja, kisha akaniambia, "Hii uisikie, usiiweke." Sikuiweka. Mzee akishasema kwenye kinasa, maneno yanaweza kufika kwa mtu mwenye kesi naye ya mpaka, au kwa mnunuzi wa ardhi. Muulizeni mapema nani asikie, na mrudieni na sauti yake. Mpeni mwanawe nakala. Kaeni naye aisikilize. Nimeona mzee akijisahihisha mwenyewe akiisikia sauti yake, "Hapana, yule dume alikuwa wa kaka yake," na sahihisho lile likafungua saa nyingine mbili.

Jumamosi hii nakwenda kwa yule mzee wangu wa kwanza, mwenye jike mwekundu. Jike amekufa, lakini yupo binti yake, naye ana mimba. Mzee amekubali tutembee naye mpaka ukingoni mwa shamba, mahali ambapo kulikuwa na kichuguu cha babu yake, na atatuonyesha njia waliyopitisha ng'ombe. Hawezi kutembea haraka, itachukua siku nzima. Gari lina nafasi mbili zilizobaki. Anayetaka kuja aje na maji yake, soksi nene, na kama inawezekana awe binti anayekisikia Kidatoga. Tutaondoka usiku. Amesema tufike kabla ndama hawajafunguliwa.