Mapinduzi ya Oktoba Yaliyotokea Novemba

Walimu wangu, wazazi, na ninyi vijana wa chemsha bongo, asanteni kwa kunipa nafasi hii. Niliombwa nizungumzie yale maarifa mafupi ya "je, wajua?" ambayo tunatumiana kwenye simu kila asubuhi. Nayapenda mno, na ndiyo maana leo nimekuja na ombi moja: mtu akikupa tarehe, muulize ni ya kalenda gani.

Chukueni Mapinduzi ya Oktoba ya Urusi, yale yaliyomweka Lenin madarakani mwaka 1917. Wasovieti waliyaadhimisha kila tarehe 7 Novemba. Ukiuliza kwa nini, utajibiwa "kalenda zilikuwa tofauti", na mjadala unafungwa. Mimi naona utamu wote uko baada ya jibu hilo.

Mwaka 46 kabla ya Kristo, Julius Caesar aliitengeneza upya kalenda ya Warumi. Ilikuwa imevurugika kiasi kwamba miezi haikupatana tena na majira, hata mwaka ule ukalazimika kuwa na siku 445 ili mambo yarudi mahali pake. Kisha akaweka kanuni: siku 365, na kila mwaka wa nne uongezwe siku moja. Lakini dunia inalizunguka jua kwa muda pungufu kidogo ya siku 365 na robo. Tofauti ni dakika kama 11 kwa mwaka. Nani atazihisi? Ila ziache zilimbikizane kwa miaka 128, zinakuwa siku nzima.

Aliyezihisi ni Kanisa, kwa sababu ya Pasaka. Pasaka hupangwa kwa kutazama siku ya Machi ambayo usiku na mchana hulingana, na tangu enzi za Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 siku hiyo ilihesabiwa kuwa 21 Machi. Kufikia 1582 ilikuwa ikiangukia 11 Machi. Papa Gregori wa 13, kwa hesabu zilizobuniwa na tabibu wa Kiitaliano Luigi Lilio na kutetewa na mwanahisabati Christopher Clavius, akazifuta siku kumi. Hispania, Ureno, Poland na sehemu kubwa ya Italia, watu walilala Alhamisi tarehe 4 Oktoba wakaamka Ijumaa tarehe 15. Angalieni vizuri hapo: siku za wiki hazikuguswa hata kidogo. Usiku huohuo, huko Hispania, Mtakatifu Teresa wa Ávila alifariki. Ukisoma kwamba alikufa tarehe 4 na kuzikwa tarehe 15, usidhani mazishi yalicheleweshwa. Alizikwa kesho yake.

Waingereza, Waprotestanti, hawakutaka kupangiwa tarehe na Papa. Walishikilia kalenda ya zamani hadi 1752, ambapo 2 Septemba ilifuatwa na 14 Septemba. Kwa hiyo ule ujumbe unaozunguka kila mwaka kwamba Shakespeare na Cervantes, mwandishi wa Hispania, walifariki siku moja, 23 Aprili 1616, msiuamini. Siku aliyokufa Shakespeare, Hispania ilikuwa tayari 3 Mei. Urusi ilisubiri zaidi ya wote niliowataja: 31 Januari 1918 ikafuatwa na 14 Februari. Wakati huo pengo lilikuwa limefika siku 13, na ukiziongeza siku 13 kwenye 25 Oktoba, siku ya mapinduzi kwa kalenda ya zamani, unapata 7 Novemba.

Sasa turudi pwani kwetu, maana jambo hili linatuhusu pia. Vasco da Gama alifika Mombasa tarehe 7 Aprili 1498. Hiyo ni kalenda ya Julius. Kwa hesabu ya leo ingekuwa 16 Aprili. Lakini ujenzi wa Fort Jesus ulipoanza mwaka 1593, Ureno ilikuwa imeshahamia kalenda mpya. Kitabu kimoja cha historia ya mji mmoja, kalenda mbili, na mara nyingi msomaji haambiwi. Na wenyeji waliomwona da Gama akitia nanga walikuwa katika mwaka 903 wa Hijria, unaofuata mwezi mwandamo, wenye siku 354 au 355. Ndiyo maana Ramadhani husogea nyuma siku kama 11 kila mwaka na kupita katika majira yote.

Tena wazee wetu walikuwa na hesabu ya tatu, na hii ndiyo inayoniumiza kuona tunaisahau. Mabaharia na wakulima walihitaji kujua kaskazi itaanza lini na kusi lini, na mwezi mwandamo hausemi hilo. Wakatumia mwaka wa jua wa siku 365, ulioanza Nairuzi, yaani Siku ya Mwaka, na kuhesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi. Miongo 36, kisha siku tano za kumalizia. Makunduchi, Unguja, bado wanausherehekea kila Julai kwa Mwaka Kogwa, wanaume wakipigana kwa migomba. Mwaka huo hauna siku ya nyongeza, kwa hiyo husogea nyuma siku moja kila baada ya miaka minne hivi. Mkimpata mzee anayejua kuhesabu miongo, kaeni naye, andikeni.

Namaliza na swali la chemsha bongo yenu ijayo. Kanuni ya Gregori inasema mwaka unaofunga karne hauwi mwaka mrefu, yaani wa siku 366, isipokuwa ukigawanyika kwa 400. Mwaka 2000 ulikuwa mrefu, 2100 hautakuwa. Pengo kati ya kalenda hizi mbili litafika siku 14, na Krismasi ya Waorthodoksi wa Urusi, ambayo leo ni 7 Januari, itaangukia 8 Januari 2101.