Mwarobaini na fedha: rangi ya kahawia haitoshi

Walimu wangu, na nyinyi wanafunzi mliojibana huko nyuma, karibuni.

Chupa hii asubuhi ilikuwa na nitreti ya fedha iliyoyeyushwa katika maji, haina rangi hata kidogo. Tukatia maji ya majani ya mwarobaini, yaliyochemshwa na kuchujwa. Sasa tazameni: chai ya rangi! Fedha ikiwa katika chembe ndogo kuliko nanomita 100 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), elektroni zake hutikisika pamoja zikipigwa na mwanga, na humeza ule wa zambarau na buluu, kwenye nanomita 400 hadi 450 hivi. Kinachobaki kufika machoni ni njano na kahawia.

Jani limefanya kazi mbili. Polifenoli zake, yaani kemikali za mmea zinazotoa elektroni kwa urahisi, zimeipa kila ioni ya fedha elektroni iliyopungukiwa, ikawa metali. Kisha viambata vingine, protini zikiwemo, vimezizingira chembe zisigandamane. Maabara nyingi kazi ile ya kwanza huipa borohidridi ya sodiamu, kemikali ambayo ukiishika ovyo utajuta. Mwaka 2004 kundi la Murali Sastry kule Pune, India, lilionyesha kwamba mwarobaini unakwenda mbio kuliko kuvu walizotumia awali. Tangu hapo umejaribiwa mlonge, mshubiri, tangawizi, maganda ya machungwa… Kwa maoni yangu, makala za mmea mwingine tena zimetosha.

Kwa sababu swali gumu bado liko palepale. Mti uleule ukiuchuma masika na ukauchuma kiangazi, utapata chembe zilezile? Usitegemee. Viambata hubadilika kwa majira, udongo na umri wa jani, na ukubwa wa chembe hufuata huko. Chembe hizi hutakiwa kwa kuwa fedha huua bakteria; lakini nani atakubali kupakwa kidondani dawa ambayo kila chungu kina kipimo chake?

Halafu maji. Visima vingi vya huku Pwani vina chumvi. Kloridi iliyomo katika chumvi hiyo ikikutana na ioni za fedha, hutokea ukungu mweupe wa kloridi ya fedha kabla hata jani halijaingia. Ukiuacha juani unakuwa mweusi-mweusi, na mtu akashangilia bure. Tumieni maji yaliyokenekwa.

Tunaiita njia ya kijani, sawa, lakini fedha yenyewe imetoka mgodini na nitreti yake imetengenezwa kwa asidi ya nitriki. Jani limetuondolea sumu moja, si zote. Ioni za fedha zinazoua bakteria huua pia viumbe vidogo vya majini. Na wale wanaouziwa maji ya fedha wanywe: ukizidisha, ngozi hugeuka kijivu chenye ubuluu, na hairudi.

Haya, kwenye meza. Kila kikundi chupa tatu: nitreti peke yake, maji ya jani peke yake, na mchanganyiko. Bila zile mbili za kwanza za kulinganishia, kahawia yenu sitaisahihisha. Chupa ya nitreti ifunikeni isipate mwanga, vaeni glavu, inachafua vidole kwa siku kadhaa. Mabaki yote yaende kwenye dumu lile la kona, si kwenye sinki.